Kelele Ni ya Klachi au ya Giaboksi?

SWALI: Nasafirisha nyanya kutoka Ilula hadi Iringa mjini kwa Hilux ya dizeli yenye gia 5. Kwa miezi miwili sasa, nikisimama injini ikiwaka na gia ikiwa frii, kuna mvumo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na nikikanyaga klachi mvumo unakatika papo hapo. Fundi alisema klachi imekwisha. Nilinunua klachi pleti, presha pleti na beringi yake, akashusha giaboksi, akafunga vyote vipya, lakini mvumo uko vilevile. Sasa ananishauri ninunue giaboksi iliyotumika. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha nyingine. (Msomaji, Ilula)

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa gharama hiyo. Tafadhali usinunue giaboksi kwa sasa, kwa sababu barua yako yenyewe inaonyesha mahali pa kutafuta kabla ya kutoa shilingi nyingine.

Pedali ikiwa juu, klachi pleti hubanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini) na presha pleti, hivyo injini huizungusha, nayo huizungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi. Shafti hiyo huizungusha shafti ya chini, na kwa kuwa meno ya gia za kwenda mbele yamekutana wakati wote, gari linaweza kusimama tuli huku ndani ya giaboksi karibu kila kitu kikizunguka. Ukikanyaga klachi, pleti huachiwa na shafti hizo hupunguza kasi hadi kusimama. Kwa hiyo kelele inayokatika wakati huo hutoka kwenye kitu kilichosimama, na mara nyingi kitu hicho ni beringi ya shafti ya kuingilia au beringi za shafti ya chini. Beringi ya klachi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti, huenda kinyume na hapo: huanza kubeba mzigo pale tu unapokanyaga, na ikichakaa hulia pedali ikiwa chini.

Fundi wako alisikia jambo la kweli, kwamba pedali inabadilisha kelele, lakini alilipatia maana isiyo yake. Kwa haki yake niseme kwamba springi ndogo za klachi pleti zikilegea hutoa kelele injini inapounguruma taratibu, na kelele hiyo pia hubadilika ukikanyaga. Hata hivyo, sauti ya springi ni ya kugongagonga, si ya kuvuma, na pleti yako sasa ni mpya.

Anza na oili, kwa kuwa ni kazi ya dakika chache. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye tairi, subiri giaboksi ipoe, kisha fungua bolti ya kujazia iliyo ubavuni mwake. Katika giaboksi nyingi za namna hii oili inapaswa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu hilo, na ukiingiza ncha ya kidole usiiguse, oili imepungua. Chunguza pia sili ya nyuma, pale propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, inapoingia, maana gari linalobeba mzigo kila siku linaweza kuvuja hapo tone baada ya tone bila dereva kujua, hadi beringi zikauke. Nakusihi usiridhike ikiwa mvumo utapungua baada ya kujaza. Oili hupunguza sauti, lakini beringi iliyokwisha kuchimbika hairudi kuwa nzima, na ukipanda mlima na mzigo juu yake utaongeza uharibifu.

Oili ya zamani usiimwage kabla ya kuitazama. Bolti ya chini ya giaboksi nyingi ina sumaku, na ute mweusi laini kama uji juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine, na hapo giaboksi lazima ifunguliwe. Chembe zenye rangi ya dhahabu kwa kawaida hutoka kwenye ringi za shaba za sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana.

Kipo pia kipimo cha barabarani ambacho mafundi wachache hukitumia. Katika giaboksi nyingi za gia 5 za magari yanayosukumwa na tairi za nyuma, gia ya 4 ni ya moja kwa moja: nguvu hupita kutoka shafti ya kuingilia hadi ya kutokea, na shafti ya chini huzunguka bila kubeba mzigo. Mvumo ukipungua sana kwenye gia ya 4 kisha ukarudi kwenye ya 3 na ya 5, shaka ielekee shafti ya chini. Ukisikika hata gia ikiwa frii huku gari likiserereka katika barabara tambarare, ukapanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa tairi na si wa injini, tafuta nyuma ya giaboksi, kwenye propela, difu (giaboksi ndogo ya ekseli ya nyuma) au beringi za tairi. Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko hata kidogo.

Matokeo yakiithibitisha beringi, mwombe fundi aifungue giaboksi yako na kubadilisha beringi na sili. Mimi ningeikarabati hiyo kabla ya kununua iliyotumika, ambayo hujui ilibeba mizigo gani wala kama iliwahi kukaukiwa oili. Linaloniuma katika barua yako ni kwamba giaboksi ilikuwa tayari iko chini. Kuizungusha shafti ya kuingilia kwa mkono ni kazi ya dakika moja. Mchezo mdogo wa shafti hiyo, yaani kutikisika kidogo, ni wa kawaida katika giaboksi nyingi, lakini mkwaruzo unaosikika vidoleni si wa kawaida kamwe, na kila anayelipia kazi ya kushusha giaboksi anastahili kufanyiwa ukaguzi huo kabla haijarudishwa juu.

SWALI: Gari langu dogo linakwaruza ninapoingiza rivasi. Je, gia zimekwisha meno? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huenda meno bado ni mazima. Katika magari mengi gia ya rivasi haina sinkronaiza, hivyo ukiiingiza kwa haraka meno hukutana yakiwa bado yanazunguka. Gari likiwa limesimama, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu sekunde 10, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya, tatizo lilikuwa haraka yako. Ikiendelea kukwaruza, na gia zote zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, klachi haiachii kikamilifu: angalia kiasi cha mafuta ya klachi, hewa katika bomba na uvujaji wa silinda, au marekebisho ya kebo ikiwa gari lako linatumia kebo. Mkwaruzo ungekuwa kwenye gia moja tu ya mbele, kwa mfano ya 2, ningeshuku sinkronaiza ya gia hiyo. Pia soma kitabu cha gari kabla ya kubadilisha oili. Kikitaja oili ya daraja la GL-4, usiweke ya GL-5 kwa sababu tu muuzaji amesema ni kali zaidi. Baadhi ya viungo vya GL-5 vinaweza kudhuru shaba ya sinkronaiza.

SWALI: Nikigusa pedali kidogo tu sauti kama ya filimbi inaanza, nikiiachia inakoma. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hiyo ndiyo dalili hasa ya beringi ya klachi. Gari litatembea kwa muda, lakini beringi ikivunjika itaharibu vidole vya presha pleti. Kwa kuwa kazi kubwa ni kushusha giaboksi, badilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, na umwombe fundi akague uso wa flaiwili, beringi ndogo iliyo katikati yake kama gari lako linayo, na sili ya nyuma ya injini. Beringi mpya ikishafungwa, mguu wa kushoto usikae juu ya pedali safarini, kwa sababu hata uzito mdogo wa kiatu unaweza kuifanya beringi ibebe mzigo njia nzima.