Logi za kompyuta 30: acha kuzunguka, zivute zije kwako

Mkuu, umesema una kompyuta 30 za Windows kwenye domeni moja (mtandao unaosimamiwa kwa pamoja), na kila Jumatatu unapita moja moja kufungua Event Viewer, programu ya Windows ya kusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya kompyuta, kutafuta makosa na maonyo. Kuzunguka huko nilikufanya miaka miwili kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, na kulinigharimu.

Tulikuwa na kompyuta ya mizani pale wanapopokelea sangara. Sakafu ina maji muda wote, harufu kali, hivyo niliiweka mwisho kwenye mzunguko wangu na wiki nyingine sikuifikia kabisa. Alfajiri moja magari yako foleni, barafu inayeyuka, kompyuta ikagoma kuwaka. Diski imekufa. Wapimaji wakarudi kwenye daftari, na uzito wa siku mbili haukuwa na nakala popote. Nilipoichomeka ile diski kwenye mashine nyingine, faili la uzito lilikuwa limeharibika ila logi ilisomeka: onyo namba 153, siku tisa mfululizo, diski ikisema imelazimika kurudia kusoma. Kisha kosa namba 7, sehemu mbovu. Siku tisa mashine inalia, mimi niko ghorofani. Iliniuma sana.

Kwa hiyo fanya logi zije zenyewe sehemu moja. Windows ina njia hiyo bila kununua kitu. Chagua seva moja iwe ya kukusanyia, endesha humo amri wecutil qc, inayowasha huduma ya kukusanya matukio. Kwenye kila kompyuta endesha winrm quickconfig, inayoiruhusu ifikiwe kwa mbali, na akaunti ya ile seva uiingize kwenye kundi la Event Log Readers, wenye ruhusa ya kusoma logi. Rudi kwenye seva, ndani ya Event Viewer tengeneza Subscription, yaani agizo la kompyuta zipi na matukio gani yaletwe, weka tiki kwenye Critical (hatari), Error (kosa) na Warning (onyo) tu. Matukio yataanza kuingia kwenye Forwarded Events, logi ya matukio yaliyotumwa. Yasipoingia, angalia kwanza kama fayawoli, kinga ya mtandao, imefunga poti 5985. Na ongeza ukubwa wa logi hiyo, maana 20 MB kwa mashine 30 hazikai.

Siku za mwanzo utaona utitiri wa onyo namba 10016 la DistributedCOM, sehemu ya ndani ya Windows. Microsoft wenyewe wanasema halina madhara, lichuje. Usilivumilie, kwa sababu jicho likizoea kuruka mistari litairuka na 153.

Sasa umeme, ambao huku kwetu ndio habari yenyewe. Umeme ukirudi utaona namba 41 na 6008 kila mahali, zote zikimaanisha kompyuta ilizima ghafla. Saa ya tukio lenyewe ni saa kompyuta ilipowaka tena, hivyo soma saa iliyoandikwa ndani ya ujumbe wa 6008, ndiyo inayokuambia ilizima lini. Mashine zote zikitaja muda uleule, ni umeme. Ikitaja moja peke yake, kagua UPS yake (betri ya akiba) au pawa saplai. Mimi hivyo ndivyo nilivyogundua betri ya UPS ya stoo imekufa, kabla stoo hawajalalamika. Haya yote yanadai saa za kompyuta zilingane. Ikipishana hata dakika tano, huwezi kulinganisha chochote.

Swichi za mtandao na mashine za Linux tumia syslog, njia yao ya kutuma logi, poti 514. Huko ukubwa wa tatizo unahesabiwa kwa namba, kinyume: 0 ndiyo mbaya kuliko zote, 3 ni kosa, 4 ni onyo. Chukua 0 hadi 4. Kwa Linux, kati ya njia mbili za kusafirisha ujumbe, tumia TCP badala ya UDP, kwa sababu UDP ujumbe ukipotea njiani hakuna anayejua.

Jambo la mwisho, na hili nakuomba usilipuuze: kila asubuhi, kabla ya kusoma makosa, bofya kulia Subscription yako, fungua Runtime Status, yaani hali ya kila kompyuta, uone ni kompyuta ipi haijawasiliana na seva tangu jana. Anza na hiyo, inuka uende ukaitazame kwa macho.