Sukari ikitulia, ubongo bado ufuatiliwe

Kuna watoto wanaozaliwa na kongosho linalomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata tumbo likiwa tupu; ugonjwa huu huitwa haipainsulinizimu ya kuzaliwa (congenital hyperinsulinism). Kwa kawaida mtu akikaa na njaa, mafuta yake huyeyuka, ini hutengeneza ketoni, na ubongo hujishikiza kwa hizo. Insulini nyingi huufunga mlango huo, kwa hiyo sukari ikishuka ubongo hauna chakula kingine. Ndiyo maana kati ya robo na nusu ya watoto hawa hubaki na athari: kifafa, kuchelewa kusema, ugumu wa hesabu, au macho mazima yasiyoona vizuri kwa kuwa sehemu ya nyuma ya ubongo imeumia. Hata ambaye tatizo liliisha lenyewe baada ya miezi michache hajasalimika moja kwa moja.

Sukari ya damu isishuke chini ya 3.5, na ikiwezekana ibaki juu ya 3.9 mmol/L (70 kwenye mashine za mg/dL). Kabla ya kuchoma kisigino, kipashe kwa kitambaa cha uvuguvugu, kioshe, kikaushe, ufute tone la kwanza. Kidole chenye juisi ya embe kitakupa 6 ya uongo. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe papo hapo, unyevu huviharibu.

Akizimia, usimnyweshe uji. Mlaze ubavu, mpake sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, kimbia hospitali. Huko hupewa dekstrozi (maji ya sukari ya mshipani) ya 10%, mililita 2 kwa kilo: wa kilo 6 anapata 12. Dripu lazima iendelee baada ya hapo. Sindano moja peke yake huichochea insulini na sukari huporomoka tena. Akiugua malaria, taja ugonjwa wake kabla hajaandikiwa kwinini, maana nayo huongeza insulini.

Diazoksaidi, dawa ya kuzuia kongosho lisimwage insulini, huotesha nywele mgongoni na usoni. Hizo zisikutishe. Kope kuvimba, uzito kupanda ghafla na kupumua haraka, hizo ni za kumwona daktari siku hiyo hiyo.

Apimwe maendeleo ya akili, kusikia na kuona akifikisha miaka 2, tena kabla ya shule, na tena akiwa darasa la tatu hivi, hesabu zinapoanza kukaza. Aliyekatwa kijisehemu kimoja tu cha kongosho kilichougua kwa kawaida hupona kabisa. Aliyeondolewa karibu kongosho lote, wengi wao hupata kisukari kabla ya kumaliza ujana, hivyo apimwe sukari kila mwaka, na choo chake kikianza kuelea chenye mafuta, atahitaji vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula kila mlo.