Hoki ya barafu mbona haishiki kwenye joto?

SWALI: Mhariri, kwenye televisheni naona hoki ya barafu inavyopendwa Kanada. Mbona kwenye nchi za joto haipati mashabiki? Msomaji, Temeke.

JIBU: Ndugu msomaji, shabiki huanzia utotoni. Chandimu yataka mpira wa makaratasi na uwanja wa vumbi tu. Kanada bwawa likiganda, watoto wanacheza bure. Dar es Salaam barafu hiyo ingebidi itengenezwe. Uwanja wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, ni mita 61 kwa 26. Barafu ina unene wa sentimita 3 hivi, juu ya zege lenye mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri. Tena adui mkubwa ni unyevu wa pwani kuliko jua lenyewe: hewa ya nje ikiingia, ukungu hutanda, matone hudondoka kutoka darini na kuganda vinundu. Bila mashine za kukausha hewa, hakuna mchezo.

Hata hivyo joto si hukumu. Atlanta, mji wa kusini mwa Marekani, ilipoteza timu mara mbili, 1980 na 2011, lakini Tampa, huko Florida kwenye joto, ilitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, 2004, 2020 na 2021. Ushindi huvuta watu.