Maswali ya Wasomaji: Mimba na Unga

Salaam aleikum. Binti yangu ana miaka 22, tuko Malindi. Anavuta unga (heroini), na juzi kipimo kimeonyesha ana mimba, kwa hesabu yake miezi mitatu. Babake anataka tumfungie chumbani mpaka arosto (mateso ya mwili kukosa unga) impite. Na je, mtoto atazaliwa na kilema?
Mama wa Shella

Waaleikum salaam, mama. Mlango msiufunge. Mjamzito akikatiwa unga ghafla, tumbo la uzazi linaweza kuanza kubana, uchungu ukaja kabla ya wakati, na kitoto kikapata arosto humo humo ndani. Tena wengi wanaoachishwa hivyo hurudia, na kwa kuwa mwili umeshapoteza mazoea, kete ile ile ya unga aliyoizoea zamani huweza kuua.

Malindi kuna kliniki ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga na kutuliza arosto, katika hospitali ya serikali tangu 2015. Mpeleke wiki hii, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba ana mimba. Atahojiwa, atapimwa mkojo, kisha ataanzishiwa kiwango kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 30 siku ya kwanza, kisha kiongezwe polepole mpaka arosto itulie saa 24 nzima. Dawa hunywewa mbele ya muuguzi kila siku. Kama anameza na bugizi (vidonge vya usingizi vya mtaani), aseme: vikichanganyika na methadoni pumzi hufifia, na bugizi nazo haziachwi ghafla, zinaleta kifafa.

Miezi ya mwisho mwili wa mjamzito huimaliza methadoni upesi. Mtamwona jioni anapiga miayo, kamasi zinamtoka, mseme amerudia unga. Huenda hajarudia, ni dawa haimfikishi asubuhi. Hapo huongezewa, au kiwango hugawanywa mara mbili kwa siku. Kumshurutisha apunguze "kwa ajili ya mtoto" ndilo kosa tunaloliona zaidi majumbani.

Kuhusu kilema: hofu kubwa ya unga ni mtoto kudumaa tumboni, kuzaliwa njiti au kufia ndani, kuliko viungo kuharibika. Pombe ndiyo inayojulikana kwa kuharibu ubongo na sura ya mtoto, kwa hiyo ulizeni na hiyo. Picha ya tumbo ifanywe kati ya wiki ya 18 na 22, na baadaye tena kuangalia kama anakua. Kliniki ya wajawazito isiachwe: vipimo vya virusi vya ukimwi, kaswende na homa ya ini, na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kila siku.

Siku ya kuzaa, methadoni yake inaendelea kama kawaida, lakini haitoshi kutuliza uchungu. Atahitaji dawa nyingine. Mkunga aambiwe mapema asimpe pentazosini, dawa ya maumivu, maana humtia arosto papo hapo. Mtoto naye abaki hospitalini angalau siku 5, kwa sababu arosto ya methadoni huweza kuchelewa. Ishara zake ni kilio chembamba cha kukwaruza, kutetemeka, chafya nyingi, kuharisha, kunyonya bila kutulia. Dawa ya kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, chumba chenye kiza na kimya. Ikizidi, daktari humpa matone ya mofini. Anyonyeshwe, methadoni haizuii, ila kama mama amerudia unga au ana virusi vya ukimwi azungumze kwanza na daktari wake.

Mke wangu anameza enalapril ya presha, na sasa ana wiki 8. Tumeshamharibu mtoto?
Msomaji, Lamu

La, msianze kuomboleza. Dawa hii hudhuru hasa kuanzia mwezi wa nne, inapobana figo za mtoto na maji yanayomzunguka tumboni yakapungua. Abadilishiwe siku hizi hizi, mara nyingi huwa methildopa au nifedipini. Asiache tu kumeza bila kupewa mbadala, presha ikipanda ni hatari nyingine. Kwenye picha ya wiki ya 20, mwambieni mpimaji aangalie figo na kiasi cha maji.