Bi Wakili Ajibu: Shotgani ya Marehemu na Amana ya Houston

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Wakili. Kakangu ni raia wa Marekani, anakaa Houston, Texas. Ana bunduki ya mtutu mfupi na viziba sauti viwili. Ameshauriwa avitie katika amana ya familia, ile waiitayo trasti, ili akifa mkewe asipate taabu. Anataka mimi niwe mdhamini, pamoja na mwanangu anayesoma huko kwa viza ya mwanafunzi. Huku nyumbani, marehemu babetu aliacha shotgani ya kulindia shamba, aliyokuwa na cheti nayo. Tangu arubaini ipite iko kabatini kwa mama. Je, nayo twaweza kuitia katika amana hiyohiyo? – Msomaji, Mtongwe

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Naanza na kabati la mama. Mambo ya Houston yanaweza kungoja, hili haliwezi.

Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, cheti cha kumiliki bunduki hupewa mtu, hakipewi nyumba wala ukoo. Baba alipofariki, ruhusa yake ilikoma. Leo mamako mjane analala chumba kimoja na silaha asiyo na cheti nayo, na hakuna hati ya amana, ya hapa wala ya Texas, itakayomkinga.

Ami yangu alipofariki Kibokoni, sote tulishughulika na wageni na khitma. Bastola yake ilikuwa nyuma ya majora ya vitambaa. Aliyeiona kwanza ni mtoto wa miaka tisa, akaja nayo ukumbini kuuliza ni ya nani. Haikuwa na risasi, alhamdulillahi. Mimi nilikuwa wakili tayari, na sikuwa nimeuliza iko wapi. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Usiitie katika mfuko ukavuka nayo feri ya Likoni. Pigeni simu kituo cha polisi kilicho karibu, muombe waje kuichukua. Wapeni cheti cha baba, nakala ya cheti cha kifo, na risasi zote zilizobaki, zihesabiwe mbele yenu. Dai nambari ya OB, kitabu cha polisi cha matukio, na stakabadhi yenye nambari ya bunduki yenyewe. Baadaye, mwenye kuitaka kati yenu aombe cheti kwa jina lake kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Asipopatikana, iuzwe kwa mfanyabiashara mwenye leseni, na thamani yake iingie katika mirathi: madeni yalipwe, mama apate thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, nanyi watoto mgawane kilichobaki. Kadhi atagawa thamani. Ruhusa ya kushika bunduki haitoki kwake.

Sasa Houston. Amana anayoitaka kakako ni halali, na ina faida ya kweli. Ifikirie kama wakfu: yuko aliyeweka mali, wako wasimamizi, ndio wadhamini, wako wanufaika. Tofauti ni kwamba wakfu hauna kurudi, na mwenye kuweka amana kwa kawaida hubaki na haki ya kuivunja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inataka kila kiziba sauti, na kila raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, isajiliwe. Ikisajiliwa kwa jina lake peke yake, mkewe akibaki na ufunguo wa kasha yeye hayupo, anaweza kuingia hatiani. Ikiwa ni mali ya amana, kila mdhamini anaruhusiwa kuishika, na mmoja akifa wengine wapo. Ushuru wa dola 200 kwa vifaa hivi umekuwa sufuri tangu Januari 1, 2026, lakini maombi na usajili vimebaki.

Lakini amana haimhalalishii aliyekatazwa. Tangu Julai 13, 2016, kila mwenye mamlaka katika amana lazima atoe alama za vidole na picha maombi yanapopelekwa. Na mwenye viza ya mwanafunzi, sheria yao ya shirikisho humkataza kushika bunduki au risasi, isipokuwa katika nafasi finyu, kama ya mwenye leseni halali ya kuwinda. Mwanao asitiwe jina. Asimsaidie ami yake hata kubeba kasha kutoka garini. Masomo yake yote yamo hatarini hapo.

Wewe pia usiwe mdhamini. Kama kakako anataka upate chochote, hati iseme sehemu yako iuzwe kwa mtu anayeruhusiwa, nawe upokee fedha. Na kiziba sauti kisije Mombasa kwa kifurushi, hata kama ni ukumbusho: kukitoa kule kunataka leseni, na kukiingiza huku ni kesi nyingine. Mkewe, akiwa raia au mkaazi wa kudumu asiye na katazo, ndiye mdhamini wa kwanza ambaye ningemtaja. Hati iandikwe na wakili wa Texas anayezijua hizi, isiwe karatasi ya kununua na kujaza majina.

Ukimaliza kusoma, mpigie mama, umuulize ufunguo wa kabati uko kwa nani.