Mbwa wa jirani kang'ata mtoto, bili ya nani?

SWALI: Kaka mshauri, habari za kazi. Mi ni mama muuza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, naishi Igoma. Wiki iliyopita mbwa wa jirani alipenya kwenye uzio wao uliotoboka siku nyingi, akamng'ata mwanangu wa darasa la tatu kwenye shavu la mguu akiwa anatoka dukani. Hospitali tumeambiwa chanjo, kila dozi nalipa elfu 30 na bado zipo za mbele, hapo sijataja dawa za kidonda, bodaboda kwenda na kurudi, afu siku za kliniki siendi Mwaloni kabisa. Jirani kanipa elfu 20 "ya soda ya mtoto", anasema mbwa wake kachanjwa kwa hiyo yameisha. Mume wangu naye anasema tusigombane na majirani. Anatakiwa alipe au nimeze?

JIBU: Pole sana dada, na mtoto mpe pole. Kabla ya hela, maliza dozi zote kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, hata kama jirani anaapa mbwa wake mzima, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza ni kifo karibu kila mara. Mbwa asiuawe wala asisafirishwe kwenda kijijini (hii janja naijua), afungwe aangaliwe siku 10 tangu amng'ate mtoto na daktari wa mifugo ajulishwe. Akiugua au akifa ndani ya hizo siku, daktari wa mtoto aambiwe siku hiyohiyo.

Sasa hela. Kadi ya chanjo ya mbwa inapunguza hofu, haifuti deni. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 233 inamtaja mtu mwenye mnyama anayezembea kuchukua tahadhari ya hatari inayoweza kutokea, hilo ni kosa la jinai. Na upande wa madai unaweza kumdai fidia kwa uzembe wake, na huo uzio uliotoboka ndo ushahidi wako mkubwa, upige picha leo kabla hajaziba, atauziba tu, ngoja uone. Atauliza pia kama mtoto alimchokoza mbwa, kwa hiyo mtafute aliyeona.

Ila watu wengi wanapotezea hapa: gharama ulizolipa mkononi mahakama haikupi kwa kukuonea huruma, unazitaja moja moja na kuzithibitisha, Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo tangu 1992. Maumivu na usumbufu hakimu anakadiria mwenyewe, lakini chanjo, dawa na nauli ni risiti. Omba risiti ya kila dozi, usikubali kuambiwa "njoo kesho mashine mbovu". Bodaboda hatoi risiti, basi mlipe kwa simu meseji ya muamala ibaki, au andika kwenye daftari tarehe, alikokupeleka na kiasi, umuombe asaini. Siku ulizokosa Mwaloni nazo zina hela, daftari lako la mauzo likionyesha ulikuwa unauza kiasi gani siku za kawaida, na mteja wako wa jumla akakubali kuja kusema, unakuwa na cha kushika. Kama hukuchukua PF3 polisi (ile fomu ya majeruhi wa kutibiwa), nenda na kadi ya mtoto ukaripoti.

Usikimbilie mahakamani lakini. Nenda na jirani kwa mwenyekiti wa mtaa, muandike makubaliano: anachukua bili zote mpaka dozi ya mwisho, kwa awamu kama hana. Hiyo elfu 20 pokea, ila iandikwe ni sehemu ya malipo, na usisaini karatasi yoyote yenye neno "yameisha" wakati mtoto bado anachomwa sindano. Akigoma, unayo miaka 3 ya kufungua madai. Mumeo mwambie ugomvi kauanzisha mwenye mbwa, nyie mnaleta risiti tu.

SWALI: Bro, mi nina mbwa wawili Nyegezi, getini nimeandika MBWA MKALI kwa rangi nyekundu. Mtu akiingia aking'atwa si kajitakia?

JIBU: Mwizi aliyeruka ukuta usiku labda utabishana naye. Ila msoma mita, muuza maziwa au mtoto aliyefuata mpira, hilo bango linaweza kukugeukia, kwa sababu umejiandikia mwenyewe kwamba unajua mbwa wako ni wakali, na kumfuga mnyama unayejua ni hatari kunakubana zaidi mbele ya hakimu. Bango liache, ila weka kengele nje ya geti, mchana wafungie bandani, na kadi zao za chanjo ya kila mwaka weka mahali hata mkeo anapajua, maana siku ya tukio utakuwa Kisesa kwenye harusi na simu imezima chaji.