Led Zeppelin walichemka kweli?

SWALI: Habari za kazi kaka. Hapa Area C na washkaji tumeangalia Live Aid ya 1985, lile tamasha la hisani lililopigwa London na Philadelphia siku moja, bendi ya rock ya Led Zeppelin jamani! Gitaa la Jimmy Page halijakaa kwenye tyuni, Robert Plant sauti imekauka. Nawapenda sana hawa jamaa, nimeumia. Ilikuwaje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole ndugu yangu, umesikia sawasawa, na wenyewe walikataa shoo ile isiwekwe kwenye DVD ya Live Aid ya 2004. Mazoezi yalikuwa kiduchu, halafu Phil Collins, mmoja wa wapiga dramu wawili, alikuwa katoka kupiga London siku hiyohiyo akapanda ndege ya kasi ya Concorde mpaka New York, kisha helikopta mpaka Philadelphia, wengi wanamtupia lawama zote, mi naona wanamwonea, gitaa kutoka kwenye tyuni dramu inahusikaje? Queen ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, walijifua kwanza, wakapiga kama dakika 20 tu pale Wembley, uwanja mzima ukapagawa.

Kukosea noti moja laivu wala hakunisumbui, napenda hata. Ila kupanda jukwaani bila kujiandaa, hapana aisee. Tafuteni shoo ya Led Zeppelin ya London ya Desemba 2007, dramu anapiga Jason, mtoto wa marehemu John Bonham aliyekuwa mpiga dramu wao, hapo walifanya mazoezi ya kutosha na utasikia tofauti mwenyewe.